Kiganja Ukutani

Jumatatu, 9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza ukaidi, likiona ngazi linataka kwanza tujadiliane.

Nakuandikia kwa jambo moja. Tangu mwezi uliopita wanakuja wageni hapa kwenye nyumba ya sala. Si wale wawili watatu wa zamani waliokuwa wakipotea njia wakaomba maji. Hawa wanakuja na basi, na mwongozaji wao amevaa kofia ya kijani. Viatu wanavua, adabu wanayo, sina ugomvi nao. Lakini ukumbini kwenyewe hawakai. Wanaingia korido, wanasimama pale kabla ya ngazi, pale ukuta ulipobonyea, na mmoja mmoja anaweka kiganja. Wengine wanafumba macho. Juzi mzee mmoja aliegemeza paji la uso akalia mpaka nikaenda kumletea kiti.

Nikamuuliza Kofia ya Kijani, "Hawa wanatafuta nini pale?" Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza upande gani. "Bibi, wewe si ndiye mtunzaji? Hiyo ni alama ya mkono." Nikamwambia najua ni ya mkono. Akasema, "Basi," akaenda zake.

Amenipa kikaratasi cha rangi. Kimeandikwa lugha nisiyoijua, lakini picha naijua. Ni ile uliyopiga ulipokuja mwaka jana, nimeinama na ufagio, sura haionekani, nimekuwa mgongo na kilemba tu. Na nyuma kuna jina la ofisi yenu.

Mmeandika nini humo? Korido ile nimeifagia miaka kumi na tisa. Nataka kujua nafagia nini.

Ni mimi,
Dada yako

*

Jumamosi, 21 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu na anasema goti ulikande kwa maji ya moto, usilionee aibu. Watoto wazima, mkubwa amenipita urefu.

Nimefurahi kusikia wageni wanafika. Ngoja nikueleze, maana kazi yangu ni ngumu kuieleza. Hapa ofisini tuna kitengo cha kutangaza maeneo ya ibada kwa wasafiri wa nje. Mimi ndiye mwandishi wa vipeperushi. Mahali pamoja tunapaandikia matoleo manne, maana watu hawapendi vitu sawa. Wapo wanaotaka mtakatifu, wapo wanaotaka walii, wapo wasiosali popote lakini wanatafuta utulivu, na wapo wa historia, hao ukiwatajia karne wanaridhika. Mkuu wetu anatuambia kila siku, mgeni hafungi safari kuona ukuta, anafunga safari kuona habari ya ukuta.

Sasa nyumba yenu ilikuwa haina habari. Ni nzuri, ni safi, lakini kwenye karatasi ilikuwa mistari miwili. Nikakumbuka pale palipobonyea. Nikakoleza kidogo. Tumesema hapo ndipo aliposimama mtu wa Mungu, karne nne zilizopita, akiwaombea wagonjwa, mkono wake ukiwa ukutani, mpaka ukuta ukakubali. Jina lake linabadilika kutegemea toleo. Mama hatukumtaja kabisa, usiwe na wasiwasi.

Halidhuru mtu, dada. Wageni wanaondoka na faraja, kamati inapata sifa, paa litatengenezwa. Wakikuuliza wewe tabasamu tu. Kwenye ratiba yao tumeandika kabisa, saa nne na nusu, kukutana na mtunzaji mwenye tabasamu.

Nikutakie afya njema.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama. Lile tabasamu la saa nne na nusu wiki hii halikupatikana, niliumwa jino.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yetu amekufa hana hata cheti cha kuzaliwa, leo ana karne nne. Angecheka. Kisha angeuliza, "Nani kasema?" na ningelazimika kumwambia ni mwanao.

Nakusimulia kitu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, umri kama wangu. Hakuwa na kamera. Alikuwa na shati la kiume, limekunjwa vizuri, amelikumbatia. Kofia ya Kijani akaniambia shati ni la mwanawe, mtu mzima, alipata ajali na tangu hapo hasemi neno. Mama huyo amesafiri siku mbili ili shati liguse ukuta. Akaligandamiza pale kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo mpaka wenzake wote wakamaliza zamu zao wakarudi kwenye basi. Halafu akanigeukia, akataka niulizwe: umekaa hapa miaka mingi, umeona wangapi wamepona?

Ningefanya nini, nitabasamu?

Nikasema, mwambie sijaona hata mmoja. Mwambie hicho ni kiganja cha mama yangu. Macho yalimwisha, akawa anashika ukuta pale ajue ngazi imefika asianguke. Kofia ya Kijani akasema, "Bibi, hayo siwezi kuyatafsiri."

"Huwezi au hutaki?"

"Nina watoto, bibi."

Basi nikamwonyesha mwenyewe. Nikafumba macho, nikatembea na korido kama mama alivyokuwa akitembea, kidole kwanza, halafu kiganja, nikasimama, nikashusha mguu nikaitafuta ngazi. Yule mama akanitazama. Akafumba macho naye, akafanya vilevile. Alipofika chini akakaa kwenye ngazi na shati lake mapajani, na mimi nikakaa kando yake. Hatukuwa na lugha. Basi likapiga honi mara mbili, hakuinuka.

Alipoondoka alinishika mkono, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. Na mwizi sijui alikuwa mimi au wewe.

Nakuomba kitu kimoja tu, sijawahi kukuomba kingi. Rekebisha hicho kikaratasi. Ondoeni wagonjwa. Mkitaka andikeni kuna mtunzaji mwenye kisirani, hilo nitalitetea mimi mwenyewe.

Dada yako

*

Alhamisi, 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi wazima. Nisamehe barua fupi, tuna maonyesho makubwa ya utalii na meza yangu haionekani kwa karatasi. Hata chakula cha mchana nakula nimesimama.

Lile jambo lako nimelisikia. Nitalishughulikia. Kuna utaratibu wake, haliendi kwa siku moja. Kwa sasa nakuomba usizungumze na wageni sana, mwachie mwongozaji.

Litunze goti.

Mdogo wako

*

Jumapili, 14 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini maonyesho yamekwisha na sasa unakula umekaa.

Mimi sipo tena kwenye nyumba ya sala. Nimeona habari hizi uzisikie kwangu. Mwenyekiti wa kamati aliniita, na wajumbe wote walikuwepo, nikajua ni jambo, maana hao kuwapata wote ni kazi. Alikuwa na barua kutoka ofisini kwenu, imepigwa mhuri. Alinisomea huku anatazama meza. Inasema wageni wamesikitishwa. Inasema mtunzaji ni mtu wa umri mkubwa, kumbukumbu zinamchanganya, anahadithia mambo yasiyokuwepo. Inasema tangu alipoondokewa na mama yake hajawa sawa, na inashauri kwa upole apumzishwe.

Niliuliza, "Na nyinyi mnaonaje, nimechanganyikiwa?" Mwenyekiti akasema, "Dada, sisi tunakujua, lakini hii ni barua." Mjumbe mmoja, fundi bomba, ndiye peke yake aliyesema kitu. Alisema yeye kwa macho yake mwenyewe alimwona mama akiushika ukuta ule. Wakamwambia hiyo haimo kwenye ajenda.

Nikawapa funguo. Na chumba changu cha nyuma nimekiacha, maana ni cha mtunzaji. Nipo kwa mshonaji, amenipa pembe ya duka lake, nalala kati ya magauni ya harusi ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Asubuhi namshonea vifungo. Nikikohoa magauni yote yanatikisika kama yananicheka.

Watu barabarani wamebadilika. Wananisemesha polepole, kama mtoto. Muuza mkate juzi alinirudishia chenji kisha akanihesabia tena kidole kwa kidole. Hilo linaniuma kuliko chumba.

Wewe uko hukohuko ofisini. Niulizie, nani aliandika ile barua? Imesainiwa na mkuu wenu, lakini mkuu wenu hanijui. Nani hapo anajua mama yangu alifariki, na anajua nilivyokuwa baada ya msiba? Sitaki kumshtaki. Nataka kumjua tu.

Usiogope kuniambia.

Dada yako

*

Jumatatu, 3 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia, lakini sijui kuanza barua kwako kwa neno lingine.

Ni mimi.

Hii ni mara ya tano naanza. Nne za kwanza nilianza kwa kueleza ofisi ilivyo, mkuu alivyo, maonyesho yalivyokuwa, na kila nikisoma naona najijengea kibanda cha kujificha. Kwa hiyo nimeanza na hilo. Ni mimi niliyeandika. Mkuu aliweka saini tu.

Na wewe ulijua. Ulipoandika "usiogope kuniambia" ulikuwa unanifungulia mlango niingie mwenyewe. Nikaisoma barua yako nikaiweka kwenye droo, chini ya vipeperushi. Wifi yako akaniuliza, "Ya dada umeijibu?" Nikasema ndiyo. Baada ya wiki akauliza tena, "Amesemaje?" Nikasema hajambo. Nimekaa wiki saba hivyo, nikimdanganya mke wangu kuhusu dada yangu niliyemdanganyia watu kuhusu mama yangu. Ona nilivyofika.

Ilikuwa hivi. Zilikuja barua mbili siku moja. Ya kwanza ya kampuni ya mabasi ya wageni, kali, inasema mtunzaji anaharibu ziara. Ya pili ilikuwa ya yule mama wa shati. Dada, yule mama hakulalamika. Aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Alisema kipeperushi kinasema hivi, na mwanamke wa pale, mwenye uso wa mtu mkweli, ameonyesha vingine. Anauliza aamini kipi, kwa sababu anataka kujua amwambie nini mwanawe.

Mkuu alizisoma zote mbili akanirushia mezani. Akasema, "Tafuta namna." Hakusema zaidi ya hapo. Namna niliitafuta mimi. Yeye hakujua kuwa mtunzaji ni dada yangu, sikuwahi kumwambia. Watu wa ofisini wanadhani kwetu ni mjini.

Nilimjibu yule mama kwamba aamini kipeperushi. Kisha nikaiandikia kamati, nakala kwa kampuni. Neno la umri nilidhani litatosha. Halafu nikaona linakaa kavu, halina huruma, nikaongeza lile la kuondokewa na mama. Hilo sikulazimishwa na mtu. Nilikukumbuka ulivyokuwa baada ya mazishi, ulivyoendelea kufagia korido mara tatu kwa siku bila sababu, nikachukua hilo, siri ya nyumbani kwetu, nikalifanya ushahidi.

Nakuambia na baya zaidi. Nilipomaliza nilimsomea mchoraji wetu, akasema, "Umeiweka vizuri, hakuna atakayeudhika." Nikafurahi. Nilikwenda kula nikiwa nimefurahi. Aibu yangu yote ingeisha siku moja, lakini ile furaha ya chakula kile sijui niipeleke wapi.

Mimi nikiona haya hunyamaza. Unanijua. Ile miaka sita niliyokaa bila kuandika nyumbani, baada ya chuo kunifukuza, ilikuwa hivyohivyo. Nilijiambia nitaandika nikiwa na jambo zuri la kusema. Mama akawa haoni, na mimi sikujua mpaka umeshapita mwaka mzima wa kutoona kwake. Sijawahi kukuuliza ilikuwaje hiyo miaka. Niliogopa ungenijibu.

Leo nimeandika barua nyingine mbili. Moja kwa kamati, kwa jina langu kamili na kwamba mimi ni mdogo wako, kwamba kiganja ni cha mama yetu aliyekuwa haoni, kwamba wewe akili yako nzima na mwongo ni mimi. Nimewaomba isomwe mbele ya watu baada ya sala, si ndani ya kikao. Ya pili kwa yule mama. Nimemwambia mwanamke yule alimwonyesha kweli, na aliyemwandikia mwanzo alimdanganya, na wote wawili ni watoto wa yule aliyeshika ukuta.

Siombi unisamehe kwenye barua hii. Nimekuibia vya kutosha.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 10 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Naiweka hapa ingawa ile ya kwanza haijajibiwa.

Sina haki ya kukuharakisha. Naandika ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Kamati iliiandikia ofisi, wakataka yale maneno ya wagonjwa yatolewe kwenye kipeperushi. Mkuu akaniita na nakala ya barua yangu. Nilijua nafukuzwa. Alikuwa anaisoma kwa mara ya pili, polepole. Akasema, "Kumbe mtunzaji ni dada yako." Nikasema ndiyo. "Na hii ya mama yenu ni kweli?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. "Na ulikuwa umekaa na habari kama hii? Mama asiyeona, anapapasa njia ya kwenda kusali! Hii haichagui dini. Toleo moja tu, mataifa yote. Niletee picha yake, ukurasa wa mbele."

Miezi mitatu nimehangaika niseme kweli, na kweli yenyewe imepokelewa kama mzigo mzuri uliochelewa bandarini. Nilimtazama nikajiona, maana sentensi ya kwanza ya kipeperushi kipya ilikuwa tayari imeshajiandika kichwani mwangu. Ilikuwa sentensi nzuri. Nakuambia hilo kwa aibu.

Nikakataa. Akauliza kwa nini, nikasema mama si wangu peke yangu. Picha nikamwambia hakuwahi kupigwa. Huo nao ni uongo, dada, lakini huo sijautubu.

Sasa nipo stoo. Kuna maboksi ya vile vipeperushi mpaka darini, matoleo yote manne, na mkuu hataki kuchapisha upya. Kwa hiyo kazi yangu ni kukata vipande vya karatasi nyeupe na kubandika juu ya ile aya, kimoja baada ya kingine. Mchoraji alikuja akauliza, "Kipande hakina neno? Mgeni atasoma nini hapo?" Nikamwambia hatasoma kitu. Akasema nimeharibu ukurasa. Vidole vyangu vina gundi mpaka nikishika kijiko kinanifuata.

Yule mama wa shati hajanijibu. Wifi yako nimemwambia yote. Aliniambia, "Kwa hiyo dada analala kati ya magauni na wewe ulikuwa unaniambia hajambo," akatoka nje, na siku mbili alipika bila kunipakulia. Watoto walidhani nimefunga.

Nataka kuja. Nikija nitakaa popote, hata kwa fundi bomba. Usiponijibu nitajua ni jibu.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Zote mbili nimezipokea.

Nilichelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nataka kukutukana, na matusi niliyoyajua hayakutosha. Mshonaji alinikopesha ya kwake, nayo hayakutosha. Nikaona ningoje.

Barua yako ilisomwa mbele ya watu. Mwenyekiti aliisoma yote, na pale ulipojiita mwongo aliparudia, maana hakuamini macho yake. Halafu fundi bomba akasema, "Mwandiko anao lakini." Wakacheka, na mimi nikacheka, ndiyo hivyo.

Wamenirudishia ufagio. Funguo bado, wanasema kuna utaratibu wake, neno hilo nililisikia pia kwako. Chumba cha nyuma wameweka viti vya wageni, kwa hiyo bado nipo na maharusi wangu. Muuza mkate ameacha kunihesabia chenji. Wengine bado wananisemesha polepole. Ulichoandika kwa mchana mmoja hakifutiki kwa barua moja, na wewe ujue hivyo.

Wageni wamepungua lakini wanakuja. Wanaweka kiganja, siwakatazi, ukuta haujakosa kitu. Wakiuliza nasema ni mama yangu, kulikuwa na ngazi. Wengine wanautoa mkono haraka. Wengine wanauacha hapohapo. Kofia ya Kijani siku hizi anatafsiri, ila anaongeza yake, namwona kwa urefu wa maneno.

Yule mama wa shati amenitumia picha kwa posta. Yeye na mwanaume mkubwa wamekaa kwenye ngazi za mlangoni kwao, mwanaume amelivaa lile shati. Nyuma kuna mistari mitatu ya lugha yao. Sijampa mtu anisomee.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba hukuwahi kuniuliza ile miaka sita ilikuwaje, uliogopa ningekujibu. Nakujibu.

Ngazi peke yake haichimbi ukuta. Mtu anayejua ngazi ipo anagusa na kupita, ni kama kumgonga mwenzio bega. Mama alikuwa anasimama. Kila asubuhi nilikwenda getini kuangalia kisanduku cha barua, na yeye alinifuata mpaka pale ukutani, akaweka kiganja, akaegemea, akangoja. Mimi nikirudi anasikia hatua. "Kaandika?" Nikisema bado, anakaa kidogo, kama mtu anayepumua baada ya kubeba ndoo, ndipo anashuka kwenda kusali. Siku za mvua posta ilichelewa, akasimama mpaka saa sita. Nilimwekea kiti, hakukikalia. Alisema akikaa hatasikia.

Barua yako ilipokuja nilimsomea hapohapo. Ilikuwa mistari minne na mitatu ni salamu. Akasema nirudie. Nikarudia. Kesho yake akaja akasimama tena palepale, nikamwambia, "Mama, si ameshaandika?" Akasema, "Ya jana hiyo."

Hicho ndicho nilichokuwa nafagia mara tatu kwa siku.

Hili sikumwambia yule mama, wala kamati, wala mshonaji. Usimpe mkuu wako. Usiliandike, hata kwenye kipande cheupe. Hili ni letu wawili, na mpaka leo lilikuwa langu peke yangu, na lilikuwa zito.

Njoo. Kwa fundi bomba hutakaa, anakoroma, utakaa hapa dukani, nimemwambia mshonaji asogeze magauni. Ukifika nitakuwa ukumbini nafagia, sitakusikia ukigonga, pita korido moja kwa moja. Taa imeungua na kamati wanajadili. Kule ndani ni giza hata mchana, kwa hiyo nenda polepole, shika ukuta upande wa kulia. Mkono ukizama, simama. Ngazi ipo palepale.

Dada yako